Nimepakia lita 36,000 Kisumu, Kabale zimefika 35,660. Baridi inaweza kula mafuta?

DerevaBusia

Wakuu habari zenu. Naomba wenye fizikia mnisaidie kabla sijamtamkia tajiri wangu maneno ambayo sitaweza kuyarudisha.

Mimi naendesha lori la tanki. Nilipakia petroli Kisumu saa tisa mchana, jua la ziwani linachoma mpaka ngazi ya tanki huishiki kwa mkono mtupu. Karatasi ya kupakia inasema lita 36,000, na chini yake wameandika joto la mafuta, nyuzi 29. Nikavuka Busia, foleni ni ileile ya siku zote, nikalala upande wa Uganda. Kesho yake Jinja, Kampala, Masaka, nikasinzia kidogo Lyantonde, nikaondoka usiku wa manane na mvua. Kabale nimeingia alfajiri. Wanaoijua baridi ya kule wanajua, mtu anaongea mdomo unatoa moshi.

Meneja wa kituo akapanda juu, akazama kijiti chemba moja baada ya nyingine, akajumlisha: 35,660. Shoti ya lita 340. Sili zote zilikuwa nzima, kazikata yeye mwenyewe mbele yangu na mbele ya tanboi.

Tajiri anasema nimechota. Kwa shilingi 5,000 za Uganda kila lita hiyo ni milioni moja na laki saba, na anataka kunikata mshahara hadi iishe. Madereva wazee wananiambia "baridi imekula mafuta". Nimelisikia hilo tangu nikiwa tanboi, lakini ukimwambia tajiri anakucheka. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, tanki limefungwa na sili hazijaguswa, hizo lita 340 zimetokea wapi?

---

PikiMbale

Pole kaka. Mimi ni mtu wa boda tu, lakini hiyo ya baridi ni kweli kabisa. Ndiyo maana sisi tunajaza saa kumi na mbili asubuhi. Mafuta ya asubuhi ni mazito, lita moja inakwenda mbali. Ukijaza saa nane mchana unauziwa hewa.

---

MamaFizikia_Tororo

Dereva, usimtukane tajiri bado. Kabla sijaingia darasani nilikuwa mpimaji kwenye depo ya mafuta, kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya matanki kama lako na kipimajoto na haidromita (kifaa cha kupima uzito wa lita moja ya mafuta) mkononi. Kesi kama yako ilikuja kila msimu wa mvua, na kila mara mtu wa kwanza kulaumiwa ni dereva, kwa sababu dereva ndiye anayeonekana. Joto halionekani.

Swali lako la mwisho ndilo la kwanza: lita zimetokea wapi? Hazijatoka. Yamkini petroli yote uliyopakia Kisumu iliteremka Kabale, ila imekaa kwenye nafasi ndogo zaidi.

Petroli ni chembe, ndogo kiasi kwamba tone moja lina chembe nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu maisha yako yote, na hakuna hata moja inayotulia. Lori limepaki, injini imezimwa, wewe umelala kwenye kabini, lakini nyuma yako chembe zinakimbia, zinagongana, zinarudishana. Hakuna kinachozisukuma kutoka nje. Joto unalosoma kwenye kipimajoto ndiyo habari ya mwendo huo, wastani wa nishati ya chembe zinavyokwenda huku na huku. Mafuta ya nyuzi 29 yana chembe zenye mwendo mkali kuliko mafuta ya nyuzi 21, basi. Wanafunzi wangu hudhani joto ni kitu fulani kinachoingia katikati ya chembe kama sukari kwenye chai. Hapana. Mwendo wenyewe ndio joto.

Mkali kiasi gani? Chukua oktani, mojawapo ya aina za molekuli zinazounda petroli. Kwenye joto letu la kawaida inakwenda kwa wastani wa kama mita 250 kwa sekunde, yaani kilomita 900 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria. Tofauti ni kwamba haifiki popote. Kabla haijasogea hata upana wa mwili wake imeshamgonga jirani.

Sasa, aliyewahi kuifuata kadodi, ile ngoma ya Wagisu, kule Mbale msimu wa imbalu, yaani tohara, atanielewa upesi. Ngoma ikiwa ya pole watu wanabanana bega kwa bega na njia inawatosha. Ngoma ikichanganya, watu ni walewale, hakuna aliyeongezeka wala kunenepa, lakini wanamwagika hadi kwenye mitaro. Wapige pole tena, wanarudi katikati ya barabara. Petroli yako ilipakiwa ngoma imechanganya, ikashushwa ngoma ikiwa pole.

Tuje kwenye hesabu, maana tajiri hatakubali kadodi. Petroli hupungua au kuongezeka kama sehemu 0.0012 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja. Dizeli ni kidogo zaidi, kama 0.00084. Maji ya joto la kawaida ni kama 0.0002 tu, ndiyo maana hakuna anayelalamika kuhusu jerikeni la maji. Zidisha: 36,000 mara 0.0012 ni lita 43 kwa kila nyuzi. Shoti yako ni 340. Gawanya, unapata nyuzi 8 kasoro kidogo. Yaani kama mafuta yalishuka kutoka 29 hadi 21, shoti nzima imeelezwa na hakuna mwizi. Usiku mbili njiani, mvua juu ya bati la tanki, na Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kushuka hadi 21 sioni ajabu.

Nina maswali mawili. La kwanza: kuna mtu alipima joto la mafuta Kabale kabla ya kushusha? La pili: tazama vizuri karatasi ya kupakia. Chini ya 36,000 au pembeni yake kuna namba nyingine ya lita, ndogo kidogo. Isome uiandike hapa.

---

TajiriMdogo

Mwalimu nakuheshimu, ila mimi nina malori mawili na hizi hadithi za chembe nimezichoka. Kila dereva akishikwa na shoti, baridi. Lori likipakiwa asubuhi Eldoret na kushushwa Kampala mchana, kwa hesabu yako mafuta yanatakiwa kuongezeka. Sijawahi kusikia dereva aniambie "boss, leo kuna lita 200 za ziada, njoo uchukue". Na tena, chembe zinazokimbia kilomita 900 kwa saa, nani amewahi kuziona?

---

MamaFizikia_Tororo

TajiriMdogo, umenichekesha, na hoja yako ya kwanza ni nzuri kuliko unavyofikiri. Mafuta ya Eldoret, mji ulio mita 2,100 juu, yakipakiwa na baridi ya asubuhi na kufika Kampala yakiwa yamepata joto, ndiyo, lita zinaongezeka. Zinaenda wapi? Hilo waulize madereva wako kwa upole. Mimi nitasema tu kwamba mtu anayekata shoti ya baridi kwenye mshahara na hajui kama kuna ziada ya joto, anafanyiwa biashara upande mmoja asiouona. Kipimajoto kingekulinda wewe zaidi ya kinavyomlinda dereva.

Kuhusu nani ameziona. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alitazama kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka ndani ya chavua ya ua, vikielea majini. Vilikuwa vinatetemeka, vinaruka huku na huku bila kukoma. Akajiuliza kama ni kwa sababu vimetoka kwenye kitu chenye uhai, akajaribu unga wa mawe, ukatetemeka vilevile. Jibu kamili lilisubiri hadi 1905, Einstein alipoonyesha kwa hesabu kwamba vipande hivyo vinasukumwa na chembe za maji zisizoonekana, zinazovipiga kutoka kila upande bila usawa, na kwamba maji yakipata joto mtetemo lazima uzidi. Mfaransa Jean Perrin akapima, hesabu ikakubali, na 1926 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Kwa hiyo zilianza kwa kuonekana kazi yao, jinsi unavyojua kuna panya dukani kabla hujamwona.

Ukitaka ushahidi wa bei nafuu, mwaga petroli kidogo mkononi, mbali na moto na simu tafadhali. Mkono unakuwa baridi papo hapo. Chembe zenye mbio kuliko wenzake ndizo zinazofaulu kuchomoka juu ya uso wa mafuta na kwenda zao hewani, zinazobaki ni zile za mwendo mdogo. Wastani umeshuka, na wastani ukishuka ndiyo baridi unayoisikia. Mkono wako nao unazilipia joto ili nyingine zichomoke.

---

TajiriMdogo

Sawa, lakini umejifunga mwenyewe hapo. Kama zinachomoka, basi kuna mafuta yanayopotea kweli kwa mvuke. Kwa hiyo si yote yaliteremka Kabale.

---

MamaFizikia_Tororo

Sijajifunga, niliandika "yamkini". Mvuke upo. Tanki la petroli lina vali juu, na haliruhusiwi kujazwa hadi mdomoni, huachwa nafasi ili mafuta yakivimba yasipasue kitu. Lori likichomwa na jua kwenye foleni ya mpakani, mvuke katika ile nafasi unapata msukumo, vali inafunguka kidogo, harufu unaisikia ukipita karibu. Hizo zimeenda kabisa, hazirudi hata ukipasha tanki moto. Ila kwa safari kama hii, tanki zima na vali nzima, hatuzungumzii mamia ya lita.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo ningependa kila tajiri aibandike ukutani ofisini. Mafuta yaliyopoa yamepoteza ujazo bila kupoteza uzito. Mafuta yaliyoibwa au kuvukiza yamepoteza vyote viwili. Kijiti hakijui kutenganisha mambo hayo. Mizani inajua.

---

DerevaBusia

Mwalimu nimerudi, nilikuwa barabarani. Joto Kabale halikupimwa, kituo hakina hata kipimajoto, meneja alipima kwa kijiti tu. Karatasi nimeikunjua sasa hivi. Ni kweli! Chini ya 36,000 kuna 35,611, na mbele yake wameandika nyuzi 20. Miaka yote nabeba karatasi hizi sikuwahi kujali hiyo namba ya pili ni ya nini.

---

MamaFizikia_Tororo

Hiyo namba ya pili ndiyo mali yenyewe. Ile ya kwanza ni picha iliyopigwa saa tisa mchana.

Kwa kuwa lita hubadilika na joto, depo huhesabu mafuta kana kwamba yote yako kwenye nyuzi 20, ili muuzaji na mnunuzi wawe wanazungumza kitu kimoja. Mafuta yako yalikuwa 29, nyuzi 9 juu. 36,000 mara 0.0012 mara 9 ni kama 389. Toa: 35,611. Unaona? Depo ilikuandikia kabisa tangu Kisumu kwamba hayo mafuta yakipoa hadi 20 hayatakuwa 36,000. (Wao hutumia majedwali yanayozingatia pia uzito wa lita moja wa mafuta hayo, mimi natumia kigezo kimoja cha jumla, lakini kwa mabishano haya kinatosha.)

Sasa Kabale. 35,660 zilizopimwa, tuzirudishe nyuzi 20. Kama mafuta yalikuwa 21, toa 43, unabaki na 35,617. Hiyo ni sawasawa na karatasi, tena na lita 6 juu, ambazo ni kosa la kijiti. Kama yalikuwa 22, unabaki na 35,574, pungufu 37. Kama yalikuwa 25, pungufu ni kama 165, na hapo nami ningeanza kukuuliza maswali. Kila kitu kinategemea namba ambayo hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo mizani. Ulipita mizani ya Magamaga na ya Mbarara, si ndiyo? Walikupa karatasi?

---

SentaTwo_Iganga

Mwalimu samahani naingilia, mimi ni mwanafunzi. Kitabu chetu kinasema "maada hupanuka inapopata joto kwa sababu chembe hupanuka". Wewe unasema chembe hazinenepi. Nikiandika kama ulivyosema kwenye mtihani nitapata alama? Na kwa nini mwendo zaidi ulete nafasi zaidi, si chembe ingeweza tu kukimbia zaidi palepale ilipo?

---

MamaFizikia_Tororo

Mwanangu, andika kwamba chembe hazibadiliki ukubwa, nafasi kati yake ndiyo huongezeka. Mwalimu anayejua kazi atakupa alama, na asiyejua mpelekee ujumbe huu.

Swali lako la pili ni zuri kuliko yaliyoulizwa na sisi watu wazima hapa. Chembe mbili zilizo jirani zinavutana zikiwa mbali kidogo na zinasukumana zikibanwa. Lakini nguvu hizo hazilingani. Ukizisogeza karibu kupita kiasi, msukumo unapanda ghafla, ni kama ukuta. Ukizivuta mbali, mvuto unalegea taratibu. Kwa hiyo chembe inapoongezewa mwendo, upande wa ndani inagonga ukuta uleule na kurudi, upande wa nje inafika mbali zaidi kuliko zamani. Chukua wastani wa mahali inapokuwa: umesogea nje. Kama pande zote mbili zingekuwa sawa, chembe ingetetemeka zaidi palepale, kama ulivyosema, na kitu kisingepanuka. Vitabu vya O-level haviandiki hivyo, na sijui kwa nini, maana jambo lenyewe linaelezeka kwa mchoro mmoja tu.

Jambo jingine, kwa kuwa nimeanza kulalamikia vitabu. Ile michoro ya yabisi, kimiminika na gesi, ambapo kimiminika kimechorwa na chembe zilizoachana hadi mtu anaweza kupita katikati, inadanganya. Katika kimiminika chembe zimegusana karibu kama katika yabisi, ila hazina mahali pa kudumu, zinateleza kupishana. Ndiyo maana huwezi kubana petroli ndani ya tanki kwa mkono, lakini hewa ya tairi unaibana kwa pampu ya baiskeli.

Na usichanganyikiwe na nyuzi. 29 kushuka hadi 21 inaonekana kama zaidi ya robo imeondoka. Mwendo wa chembe hauanzi kuhesabiwa kwenye sifuri ya barafu. Unaanzia nyuzi 273 chini ya hapo, ambako mwendo unaoweza kuondolewa umekwisha. Kwa hesabu hiyo petroli ilitoka 302 kwenda 294. Mbio za chembe hufuata kipeuo cha pili cha namba hiyo, kwa hiyo zimepungua kwa asilimia 1.3 tu. Mabadiliko madogo hivyo, yakizidishwa kwa tanki la lita 36,000, ndiyo yanayomkosesha dereva mshahara.

---

PikiMbale

Na mimi je, mwalimu? Kujaza asubuhi?

---

MamaFizikia_Tororo

Wewe endelea kulala. Tanki la kituo liko chini ya ardhi, na ardhi ya kule chini haina habari ya asubuhi wala mchana, mafuta yake hubadilika kidogo sana ndani ya siku moja. Tuseme kwa ukarimu nyuzi 2. Kwa lita 10 ni mililita 24, vijiko viwili vya kulia havijai. Na boda haijazwi lita 10. Kama mafuta yako yanaisha haraka mchana, angalia foleni ya mjini na mkono wako wa kulia.

---

DerevaBusia

Mwalimu, karatasi za mizani ninazo. Tanboi huwa anazitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na za barabara. Magamaga: kilo 42,680. Mbarara: kilo 42,520. Imepungua 160. Tajiri akiona hii si ndiyo atanimaliza kabisa?

---

MamaFizikia_Tororo

Kinyume chake. Lori lako lenyewe linakula nini? Kutoka Magamaga hadi Mbarara, kupitia Kampala, ni kama kilomita 370. Lori lenye tani 42 linachoma lita ngapi hapo?

---

DerevaBusia

Kwa mzigo ule, na milima ile, si chini ya lita 180 za dizeli. Nilijaza tanki la lori Busia, sikuongeza tena hadi Kabale.

---

MamaFizikia_Tororo

Lita moja ya dizeli ina kama kilo 0.84. Mara 180 ni kilo 151. Mizani inaonyesha umepoteza 160. Tofauti ni kilo 9, na hizo mizani za barabarani husoma kwa kuruka kilo 20, kwa hiyo 9 si kitu. Tope lililodondoka kwenye matairi linaweza kuwa zaidi ya hapo.

Sasa fikiria ungekuwa umechota kati ya mizani hizo mbili. Lita 340 za petroli ni kama kilo 250. Mbarara ingesoma chini ya 42,300. Haikusoma hivyo.

Andika mambo matatu kwenye karatasi moja: namba ya pili ya Kisumu, uzito wa Magamaga na Mbarara, na dizeli uliyochoma. Mpelekee tajiri kwa heshima, usimfundishe chembe. Akitaka kubisha abishe na mizani.

---

TajiriMdogo

Nakubali hesabu imekaa vizuri. Lakini kati ya Mbarara na Kabale kuna zaidi ya kilomita 140 na usiku. Mizani haisemi kitu kuhusu kipande hicho, wala kile cha Kisumu hadi Magamaga.

---

MamaFizikia_Tororo

Kweli, haisemi. Kwa vipande hivyo kuna sili tu, na meneja aliyezikata zikiwa nzima. Kama lori lina kifaa cha kufuatilia, tajiri wake aangalie lilisimama wapi na kwa muda gani. Kuchota lita 340 kwa ndoo si kazi ya dakika tano.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, tanki lenyewe nalo husinyaa kwa baridi. Chuma kwa nyuzi 8 na ujazo huo ni kama lita 10. Tanki likiwa dogo kidogo mafuta yanasimama juu zaidi kwenye kijiti, kwa hiyo hiyo inamsaidia dereva kidogo badala ya kumwumiza. Kinachoumiza zaidi ni kupaki kwenye mteremko. Kabale pa kupaki sawasawa ni shida, na milimita moja ya kijiti kwenye chemba pana ni lita kadhaa.

---

DerevaBusia

Nimempelekea asubuhi. Amekaa na karatasi kimya, akapiga simu depo kuuliza habari ya nyuzi 20, wakamthibitishia. Kunikata kumesimama, ingawa amesema atafikiria hizo lita 37 kama mafuta yalikuwa 22. Mimi nimemwambia hata hizo apime safari ijayo, si kukisia. Tanboi ameshanunua kipimajoto sokoni, kile cha kuwekwa kwapani. Kitafaa?

---

MamaFizikia_Tororo

Hicho cha kwapani kirudisheni. Kinasoma kuanzia nyuzi 35 hadi 42, mafuta yako hayana homa. Na cha betri sitaki kukisikia juu ya tanki la petroli.

Tafuta cha kioo kinachosoma kuanzia 0 hadi 50 au zaidi, kilichofungwa ndani ya kikombe kidogo cha shaba na kamba ya pamba, maduka ya vifaa vya maabara Kampala wanacho. Kishushe hadi katikati ya mafuta. Juu kabisa hupata joto au baridi ya bati la tanki, na chini kabisa vilevile. Kiache dakika chache, kivute na kikombe kikiwa kimejaa mafuta, usome kabla upepo haujakigusa, kwa sababu petroli ikivukiza juu ya kioo itakupa nyuzi za uongo, tena za chini. Fanya hivyo kila chemba, mbele ya meneja, kabla kijiti hakijaingia, naye atie sahihi pembeni ya namba.

Kisumu usiwaachie wao peke yao. Panda na wewe ukasome.